Dodoso la bei ya omena: nilianza na Google Forms, nikaishia KoboToolbox

Kikundi chetu cha wauza omena (dagaa) hapa Kisumu kilitaka kujua wanachama wananunua kwa bei gani kule ufuo wa Dunga na kuuza kwa bei gani soko la Kibuye. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta", kazi iliniangukia, na pesa ya kuifanya haikuwepo.

Google Forms, huduma ya Google ya kuunda dodoso mtandaoni, ilikuwa rahisi. Maswali 12 niliyamaliza kwa nusu saa, majibu yakawa yanajipanga yenyewe kwenye jedwali la Google Sheets. Nikatupa linki WhatsApp. Wenye simu kubwa na bando walijibu jioni hiyo hiyo. Waliobaki, ambao ndio wengi, kimya. Wengine wana kabambe tu, zile simu ndogo za kupiga na kutuma ujumbe, na wengine, hata wakiwa na simu nzuri, nani atajaza fomu omena iko juani na wingu limeshatanda?

Majibu yenyewe yalinichekesha, kisha yakaniudhi. Kwenye bei nilipata "300", "mia tatu", "300/-" na mmoja kaandika "inategemea". Hapo nilijikwaa mwenyewe, kwa sababu ile fomu inaweza kukataa kisicho namba, ila sikuiagiza. Kosa kubwa zaidi ni kwamba sikuuliza kipimo. Huyu alitaja bei ya gorogoro, lile kopo la kupimia, yule ya gunia. Tafuta wastani hapo uone.

Nikajaribu huduma nyingine, sitaitaja. Ilijiita ya bure, kumbe majibu yakizidi idadi fulani yanafichwa mpaka ulipe. Niliihama siku hiyo hiyo.

KoboToolbox, iliyoanzia Harvard Humanitarian Initiative, imetengenezwa kwa watu wanaofanya kazi pasipo na mtandao. Fomu unaiunda kwenye kompyuta, unaipakua kwenye simu ya Android ndani ya programu yake, KoboCollect, halafu unaingia sokoni bila bando. Jioni ukifika penye mtandao, unatuma. Fomu moja inabeba Kiswahili na Dholuo pamoja. Safari hii kipimo nilikiuliza kabla ya bei, na penye bei haliandikiki neno. Vijana wetu wawili walizunguka Kibuye asubuhi mbili wakiuliza kwa mdomo, na akina mama wakajibu huku wakipimia wateja.

Kuizoea kulinigharimu jioni mbili. Nilikuwa nabadilisha maswali bila kuichapisha fomu upya, basi simu za vijana zikaendelea na yale ya zamani. Mpango wa bure una kikomo cha majibu kwa mwezi, lakini kikundi kama chetu hakikaribii huko. Google Forms bado naitumia kupanga siku ya mkutano.

Mama mmoja alikataa kujibu mpaka aambiwe kama majina yatafika kwa watu wa kodi. Jioni ile nilifuta swali la jina na la namba ya simu, nikaichapisha fomu upya. Kesho yake alijibu yote, na akamwita jirani yake naye aulizwe.