Mji wa Kale au Nyali: Makao ya Mwanafunzi Mgeni Mombasa

Mwanafunzi wa kubadilishana anayekuja Mombasa kwa muhula mmoja hana budi kuamua iwapo atakaa na familia Mji wa Kale au atapanga chumba upande wa Nyali. Nyali ina uhuru na ufuo, na anayependa safari za Malindi hupanda matatu akiwa tayari bara, bila kuanza kwa msongamano wa kisiwani.

Kwa familia, siku huanza kwa adhana ya alfajiri, kisha mahamri na mbaazi. Mgeni hujifunza kuvua viatu mlangoni, kuwaamkia wakubwa kwa shikamoo, na jioni kuketi barazani ambako wazee hunywa kahawa tungu wakizungumza Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa ambayo hakuna darasa litakalompa kwa utamu ule. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, huifikia kwa miguu.

Mimi ningechagua familia bila kusita, ijapokuwa nyumba ya watu ina taratibu zake: anayechelewa usiku hutoa taarifa mapema, na mavazi ya heshima huzingatiwa hata uchochoroni.