Kikokotoo cha grafu kwa logi za kila kizio: kipi ununue kwanza

Vikokotoo vyote vya grafu ninavyovitaja hapa vina LOG, ya kizio cha 10, na LN, ya kizio e (namba 2.718 na kuendelea). Kabla hujatoa hela uliza swali jingine: nikitaka logi ya 50 kwa kizio cha 2, nabonyeza wapi? Kuna vinavyokupa kisanduku kidogo cha kizio chini ya neno log, ukajaza ukamaliza. Kuna vinavyokuachia ugawanye mwenyewe, LOG ya 50 kwa LOG ya 2. Jibu ni lile lile, 5.6439, ila njia ya pili ina mtego.

Kwenye TI, yaani vikokotoo vya kampuni ya Texas Instruments, kitufe cha LOG hufungua mabano chenyewe, kuyafunga ni juu yako. Mwanafunzi anataka logi ya 8 kwa kizio cha 2, anaandika log(8/log(2)), anabonyeza ENTER, anapata 1.4245 na kunakili bila wasiwasi. Angefunga mabano mara baada ya 8 angepata 3. Hesabu anaijua vizuri, alichokosa ni alama moja tu. Ndiyo maana kwenye orodha hii napima kwanza urahisi wa kuandika kizio. Rangi za skrini baadaye.

1. Casio fx-9750GIII. Ukiwa RUN-MAT, sehemu ya kufanyia hesabu, katika mfumo wa hesabu za kawaida za kitabuni, bonyeza F4 (MATH), halafu F2 (logab). Visanduku viwili vinatokea, cha kizio na cha namba. Hata ukiamua kugawanya, LOG yake haifungui mabano, kwa hiyo log 8÷log 2 inatoa 3 bila ujanja. Skrini haina rangi na inakula betri nne ndogo za AAA, lakini mara nyingi bei yake ni karibu nusu ya ile inayofuata. Kwangu hapo mjadala umekwisha.

2. TI-84 Plus CE. Skrini ya rangi, betri ya kuchaji. Bonyeza MATH, shuka hadi logBASE(, au pita njia ya mkato: ALPHA kisha WINDOW, uichague kwenye menyu. Inafaa zaidi kama unasoma Marekani, kwa sababu walimu wengi huko hufundishia TI na utafuata vitufe sambamba na darasa. Angalizo: katika mfumo wa CLASSIC, ule wa kuandika kila kitu kwenye mstari mmoja, namba hutangulia, kizio hufuata. logBASE(8,2) ni 3. Ukigeuza unapata 0.3333. GeoGebra, ile programu ya bure, hufanya kinyume: log(2,8). Anayetumia vyote viwili ajiandae kuchanganyikiwa.

3. TI-84 Plus ya mtumba. Yaweza kuwa bahati au hasara. Usitoe hela kabla ya kuiwasha na kubonyeza MATH. Kama logBASE( haipo, programu ya ndani ni ya zamani, kabla ya toleo 2.53MP. Unaweza kuihuisha kwa kebo na kompyuta, lakini hiyo ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke. Kagua pia vitufe kimoja kimoja na mahali pa betri. Chumvi ya betri zilizovuja huonekana kwa macho.

4. TI-83 Plus. Haina logBASE( na haitakuja kuwa nayo. Grafu ya logi ya kizio cha 2 utaichora kwa Y1=log(X)/log(2), nayo hutoka sawasawa. Pokea ukipewa na kaka yako, usiinunue.

Kama unajiandaa kwa SAT ya kompyuta, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, jua kwamba Desmos, kikokotoo cha grafu cha kompyuta, imo ndani ya mtihani wenyewe. Andika log_2(8) na kizio kinashuka mahali pake, kwa hiyo huenda usihitaji kununua kitu.

Na kama mtihani wako ni KCSE, au hesabu za kidato cha sita chini ya NECTA, acha vyote hivyo dukani. Huko vinaruhusiwa vikokotoo visivyoprogramika, na vya grafu vinaprogramika. Chukua Casio fx-991ES PLUS: ina kitufe cha log chenye visanduku viwili, hakuna menyu ya kupekua.