Bima ya safari kwa mwenye saratani: ipi uitangulize, ipi uiache

Aliyewahi kuugua saratani akienda kukata bima ya safari, swali la bei lisubiri. La kwanza ni hili: mkataba huu utalipa nikizidiwa kwa sababu ya saratani yangu, au utalipa mengine yote isipokuwa hilo?

Bima nyingi za safari zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala zina kifungu kinachokataa gharama zinazotokana na ugonjwa ambao msafiri alikuwa nao kabla ya kukata bima. Hukioni kwenye cheti cha ukurasa mmoja unachopeleka ubalozini. Kiko kwenye kijitabu cha masharti, ambacho wengi hawakifungui. Ubalozi wa nchi ya Schengen unataka kuona kwamba bima inafika angalau euro 30,000, inatumika katika nchi zote za Schengen, na inagharamia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo. Ubalozi ukiona hayo, unaridhika. Kwa hiyo mama anaweza kupata viza ya Ujerumani bila shida yoyote, kisha akalazwa Hamburg kwa homa iliyompata wiki moja baada ya kemo (tiba ya dawa za kuua saratani), na bili ikaenda kwa wanawe.

Ndiyo maana hapa nimezipanga bima kwa kuangalia siku utakayougua ugenini, si kwa unafuu wa bei.

Ya kwanza: iliyokuuliza kuhusu saratani na kukubali kwa maandishi

Hii ndiyo ya kutafuta kabla ya nyingine zote, hata ikiwa ghali mara kadhaa. Uingereza soko lake ni pana. Unajibu maswali ya afya mtandaoni au kwa simu: saratani ya wapi, iligunduliwa lini, imesambaa au la, ulipata tiba gani miezi ya karibuni, kuna kipimo unachosubiri majibu yake, daktari amekuzuia kusafiri? Ada inapangwa kwa majibu hayo. Tangu Aprili 2021, kampuni ya Uingereza inayokukataa, au inayokuongezea ada kubwa kwa sababu ya ugonjwa, inatakiwa ikuelekeze kwenye orodha ya kampuni zinazohudumia wenye maradhi makubwa. Orodha hiyo iko kwenye huduma ya umma ya MoneyHelper, na kuitumia ni bure. Ndugu zetu wa huko wanaorudi Mombasa au Zanzibar kusalimia waanzie hapo. Kadi ya GHIC, kadi ya matibabu ya Uingereza inayowasaidia wakiwa Hispania au Ufaransa haina kazi Kenya wala Tanzania. Na ile bima ambayo mgeni anayeingia Zanzibar hulipia dola 44 tangu Oktoba 2024 ichukuliwe kama sharti la kuingia. Isikufanye uache bima yako kamili.

Afrika Mashariki njia ni ndefu kidogo, na hapa dalali wa bima anakufaa kuliko wakala. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali anakuwakilisha wewe, na anaweza kuzungumza na kampuni kadhaa. Mwandikie barua pepe, usiishie kwenye simu, na uwe wazi namna hii:

"Nina saratani ya titi iliyogunduliwa Machi 2023. Nilifanyiwa upasuaji na mionzi, sasa natumia tamoksifeni kila siku. Naomba kampuni inithibitishie kwa maandishi kama gharama za dharura zitakazotokana na saratani hii, au na dawa zake, zitalipwa, na mwisho wake ni kiasi gani."

Jibu huwa moja kati ya matatu: ndiyo, hapana, au ndiyo lakini kwa kiwango kidogo. Hilo la tatu ndilo la kusoma kwa utulivu. Cheti kinaweza kuandika dola 100,000 kwa herufi nene, halafu ndani kiwango cha maradhi ya zamani kikawa kidogo sana, kisichotosha hata usiku wa kwanza wa chumba cha wagonjwa mahututi. Na ukijibiwa kwa simu "hamna shida, mama," bado hujajibiwa. Yale maandishi ya kampuni ndiyo utakayoyatoa siku ya kudai.

Angalia pia maneno "moja kwa moja au kwa njia nyingine". Kifungu kinapokataa kila kitu kinachohusiana na saratani kwa njia yoyote, kinakataa mengi kuliko unavyodhani. Saratani yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, tamoksifeni huiongeza, na kukaa saa nyingi kwenye kiti cha ndege huiongeza tena. Ukivimba mguu baada ya kutua, kampuni inaweza kusema hilo ni la saratani. Hali ni hiyohiyo kwa maambukizi yanayompata aliyeshuka kinga kwa kemo, na kwa mfupa uliovunjika mahali ambapo saratani imefika. Uliza kuhusu haya kwa majina yake.

Wakati mbaya kuliko wote wa kununua ni pale unaposubiri majibu ya CT skani au kinyama kilichopelekwa maabara. Kampuni nyingi hazigusi mtu asiyejua hali yake. Kama tarehe ya safari inasogezeka, subiri majibu kwanza. Yakishatoka, usikawie kununua, maana bima ya safari moja kwa kawaida huanza kukulinda dhidi ya kufuta safari siku ileile unayolipa. Kwa mwenye saratani, kufuta safari kwa sababu daktari amebadilisha ratiba ya tiba ni jambo la kutarajia kabisa. Na hali yako ikibadilika kati ya kununua na kusafiri, wajulishe.

Ya pili: bima ya afya uliyonayo tayari

Kama wewe au mwenza wako mna bima binafsi ya afya kupitia kazini, soma kipengele cha dharura nje ya nchi kabla hujanunua kitu kingine. Uzuri wake ni kwamba saratani yako wanaijua, wameilipia, faili wanalo. Baadhi ya mikataba inalipa dharura nje kwa idadi fulani ya siku kwa kila safari, na kampuni inaweza kukuandikia barua ya ubalozi yenye yale masharti ya euro 30,000. Ugumu ni kwamba kiwango cha mwaka ni kimoja. Kama kemo imeshakila chote, hakuna kitakachobaki kwa safari. Bima za umma, NHIF ya Tanzania na SHA ya Kenya, zimejengwa kwa ajili ya hospitali za nyumbani. Usipange dharura ya Ulaya juu yake.

Wazee wetu walioko Marekani wajue kwamba Medicare, bima ya umma ya wazee, kwa kawaida hailipi nje ya nchi hiyo. Baadhi ya bima za nyongeza za Medigap hulipa asilimia 80 ya dharura ya nje baada ya dola 250 za kwanza, kwa siku 60 za mwanzo za safari, na mwisho wake ni dola 50,000 kwa maisha yote. Ukiishi huko pia, kuna bima za safari zinazofuta kile kifungu cha ugonjwa wa zamani ukinunua mapema, mara nyingi ndani ya siku 14 hadi 21 tangu malipo ya kwanza ya safari, na uwe unafaa kusafiri siku hiyo unayonunua. Kwa mwenye saratani iliyotulia, nafasi hiyo ni nzuri mno kuiacha ipite.

Ya tatu: bima ya kawaida isiyolipa saratani, ukijua hivyo

Si bima mbaya. Inatosha viza, inalipa ukianguka kwenye ngazi za treni, inalipa begi likipotea na ajali ya gari. Aliyemaliza tiba miaka mingi iliyopita, hana dawa anayotumia na anakwenda wiki mbili kwa mwanawe, anaweza kuridhika nayo. Aliye katikati ya kemo, simshauri hata kidogo. Ukiichagua, familia ikae chini kabla ya safari na kukubaliana nani atalipa hospitali na kwa kadi ipi.

Ya nne: bima za wageni wanaokwenda Marekani

Hizi hutangaza kwamba zinalipa ugonjwa wa zamani "ukilipuka ghafla". Soma chini: mara nyingi saratani imetolewa kwa jina, na umri una mpaka wake. Marekani ndiko bili za hospitali ni kubwa kuliko kwingine, kwa hiyo tangazo hilo lisikutulize.

Ya tano: ya kadi ya benki na ya kisanduku cha tiketi

Ile inayokuja na kadi ya benki, au unayoongezewa kwa kubonyeza kisanduku unapolipia tiketi mtandaoni, haikukuuliza chochote kuhusu afya yako, na kwa kawaida hiyo ni dalili kwamba saratani haimo. Ni ya begi na ndege kuchelewa.

Isiyo na nafasi: kuficha

Bima inasimama juu ya ukweli wa anayeikata. Bili kubwa ikija, kampuni itaomba faili lako la hospitali, na saratani iliyofichwa inaweza kubomoa hata dai la mguu uliovunjika.

Hapa kuna jambo la kwetu linaloniumiza. Kuna familia zinazomficha mzazi ugonjwa wake. Watoto wanajua, mama anaambiwa ni uvimbe tu. Mtoto anajaza fomu, anaandika "hana maradhi", mama anatia sahihi asichokijua. Aliyejaza anajua, na kampuni itaona tarehe za hospitali ya Ocean Road au Kenyatta kwenye faili. Kama mama anasafiri, aambiwe kabla ya fomu kujazwa. Ana haki ya kuamua akiwa anajua.

Safari ya kwenda kutibiwa

Anayekwenda India kwa ajili ya matibabu asitegemee bima ya safari kulipa tiba hiyo. Karibu zote hukataa safari ambayo lengo lake ni kutibiwa. Msindikizaji anaweza kukata ya kwake, lakini naye aseme wazi: safari yake inategemea mgonjwa, na akiifuta kwa sababu mgonjwa kazidiwa, kampuni itauliza kama alikuwa anajua.

Ukishanunua

Omba kwa daktari wako barua ya Kiingereza yenye aina ya saratani, tarehe, tiba, hali ya sasa, majina halisi ya dawa badala ya majina ya kibiashara, na kauli kwamba unafaa kusafiri. Beba dawa kwenye begi la mkononi, ndani ya pakiti zake. Kama unatumia morfini, kodeini au tramadoli na unapitia Dubai, shughulikia kibali chake kabla ya kuondoka. Falme za Kiarabu zinazibana sana dawa hizo.

Namba ya simu ya dharura ya bima iwe kwenye simu yako na ya mwenyeji wako. Mikataba mingi inataka wapigiwe kabla ya kulazwa, au haraka iwezekanavyo baadaye, na kuchelewa kunawapa sababu ya kupunguza malipo. Dai likikataliwa, taka barua inayotaja kifungu walichokitumia. Tanzania, peleka barua hiyo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au kwa mamlaka ya bima, TIRA. Kenya, nenda kwa mamlaka ya bima, IRA. Uingereza, kampuni ina wiki nane za kukujibu. Ikikukatalia au ikinyamaza, nenda kwa Financial Ombudsman Service, na usipitishe miezi sita tangu jibu lao la mwisho.