Niliwapa vijiko sita vyenye jina, wakanirudishia vijiko vinavyong'aa

Sikuwapelekea ving'arishwe. Niliandika kwenye karatasi, nikasema kwa mdomo, nikarudia kwa simu: kijiko kimoja mpini umepinda, unyoosheni, hivi vitano ni vya kulinganishia umbo tu, msiviguse. Ni karakana ya kutengeneza vyombo vya fedha hapa Pennsylvania, nami nilielekezwa na wakusanyaji wenzangu.

Kwa asiyevijua, hivi ni vijiko vya chai vya Marekani vya fedha ya sarafu, vya kabla ya fedha ya Nevada kugunduliwa mwaka 1859. Fedha ilikuwa haba, masonara wengi waliyeyusha sarafu. Mtu anapeleka dola zake, anarudi nyumbani na vijiko. Masonara wetu wa Zanzibar walifanya vivyo hivyo kwa reale za Maria Theresa, na ndiyo maana nilivipenda tangu siku ya kwanza nilipovishika. Tena Marekani haikuwa na mfumo wa taifa zima wa mihuri ya kupima fedha kama Uingereza. Jina la sonara lililogongwa nyuma ya mpini ndiyo dhamana yenyewe.

Baada ya wiki kadhaa nikafungua kifurushi. Vyote sita vinawaka kama kioo! Herufi tatu za mwenyewe wa kwanza, zilizochorwa kwa mkono na mikia yake yote, zimebaki kivuli. Nyuma, jina la sonara limeliwa nusu. Neno COIN, yaani sarafu, alama ya fedha hiyo, nalisikia kwa kidole, kwa macho silioni. Vijiko hivi ni vyembamba, ukivitia kwenye mashine ya kusugulia unavikwangua uhai.

Nikapiga simu. Aliyepokea akaniambia, "Mama, vilikuwa vyeusi, sasa vinang'aa. Wenzako hutushukuru." Nikamweleza habari ya jina. Akasema, "Kama unataka majina, kanunue vingine vyenye majina." Akakata.

Haki yao niwape: ule mpini wameunyoosha vizuri mno. Nimeugeuza kwenye mwanga wa dirisha, sioni ulipopinda, hakuna ufa, hakuna alama ya nyundo. Fundi wao ana mkono. Kwa hilo nilikwisha andika nyota tatu, nikasema labda kosa ni la aliyepokea mzigo, karatasi yangu haikumfikia fundi.

Halafu jana usiku nikatoa picha nilizopiga kabla ya kuvituma. Karatasi yangu ilifungwa kwa uzi kwenye vijiko vyenyewe, na ilirudi ndani ya kifurushi, uzi umekatwa kwa mkasi. Waliisoma. Nyota mbili nimezifuta, na hii moja ni ya mpini.

Kijiko changu cha saba, pale pa kuchotea pamebonyea. Nilikuwa nakiandaa kukituma kwao. Kimerudi kabatini na bonyeo lake, na jina lake lote kamili.