Ndege ya kukodi Kigoma kwenda Mahale: rubani namsifu, ofisi yao ndo ina kasoro

Wadau wa Kigoma, hasa nyie mnaopeleka wageni Mahale, nimeona niandike hii kabla hasira hazijaisha. Jina la kampuni siliweki, wenyewe wakisoma watajijua.

Niliweka oda ya Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, itoke Dar ije Kigoma Jumatano asubuhi, ibebe wageni wangu wanne na mimi mpaka Mahale. Wageni walishatoka Gombe, sokwe wameshawaona, ila wanataka na wale wa Mahale, si unajua watu wa makamera makubwa. Kwa boti la mbao ni kutwa nzima na ziwa likichafuka ni kutapika tu, kwa ndege ni kama dakika 40 hivi halafu unamalizia na boti kidogo. Nikalipa nusu ya hela, risiti nikapewa, kila kitu safi.

Jumanne saa moja usiku dada wa ofisini ananipigia, "kaka shikamoo, samahani sana, ndege ipo ila rubani hatuna." Nikamwambia dada yangu mimi nimekodi ndege na rubani wake, sasa hiyo ndege nitaiendesha mimi? Kumbe walikuwa na marubani watatu wa hiyo ndege, mmoja kaacha kazi wiki iliyopita kaenda shirika kubwa, mwingine kafikisha ukomo wa masaa ya kuruka lazima apumzike, wa tatu yuko na wageni Katavi mpaka kesho yake. Yaani mtu mmoja akiacha kazi Dar, mgeni analala bila mpango Kigoma.

Alhamisi saa nne ndege ikatua. Kapteni kijana tu, ila mpole na kazi anaijua. Sasa wakati anazungukia ndege, na huwa wanazunguka kila kabla ya kuruka, namuona kachuchumaa kwenye tairi la mbele hainuki. Nikasogea. Kuna mkato kwa pembeni, mrefu kama kidole changu cha kati, ukiubonyeza unaona nyuzi za ndani. Akasema hapa hatuendi. Dereva wangu, fundi wa Land Cruiser miaka na miaka pale Mwanga, akamwambia "kapteni, hii si tunaweka kiraka tunasukuma siku?" Kapteni akacheka lakini kichwa kinakataa.

Hapo ndo nilipojifunza. Tairi la ndege haligusi fundi yeyote tu, anatakiwa injinia mwenye leseni, akimaliza anasaini, na hiyo saini ndo inairuhusu ndege kuruka. Injinia yuko Dar. Tairi liko Dar. Ndege ya abiria ya siku ile ilishaondoka kwahiyo ni mpaka Ijumaa. Tukaenda kula migebuka na ugali wa muhogo, wageni wamenuna, mmoja haongei na mimi kabisa.

Pale mezani kapteni akanifungukia. Anasema hizi ndege ndogo kwa marubani wengi ni njia ya kupita. Leseni ya kurusha kibiashara unaweza kuipata ukiwa na masaa 200 ya kuruka, ila ile leseni kubwa ya kuwa kapteni wa ndege za mashirika inataka 1,500, sasa hayo masaa utayakusanya wapi kama sio huku porini kwenye Caravan? Kampuni inakufundisha, inakuzoesha viwanja vya vumbi na pepo za ziwani, ukiiva tu unaondoka. Na sio Tanzania peke yake, Marekani baada ya ile ajali ya 2009 karibu na Buffalo wakabana sheria, tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kwa kawaida anatakiwa awe na masaa 1,500, basi kampuni za ndege za kukodi kule nazo zinafunza watu na mashirika makubwa yanawachukua. Nikamuuliza na wewe utaondoka lini? Akachambua mgebuka wake, akasema "bado kidogo bro."

Ijumaa injinia akashuka na ndege ya abiria, mzee wa makamo, tairi limekuja kama mzigo. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akakaa chini kwenye kivuli cha bawa. Nikajua ataanza na jeki. Wapi! Alianza na karatasi. Karatasi ya tairi aliisoma mstari kwa mstari, namba akalinganisha na iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, ndo akashika spana. Anasema spea bila karatasi kwake ni takataka hata iwe mpya inanukia. Kufunga kwenyewe hakukuchukua muda. Halafu akaniambia mshukuru Mungu ni tairi, ingekuwa kitu cha injini ungesubiri sana, mnakumbuka zile Airbus A220 za Air Tanzania zilivyokaa chini kuanzia 2022 sababu ya injini, na lile ni shirika la nchi, sembuse kampuni yenye ndege mbili.

Safari yenyewe sina neno. Tumeruka vizuri, kapteni alituzungusha tukaona milima inavyoingia ziwani, hata yule aliyenuna akatoa kamera.

Kwahiyo rubani na injinia nawapa tano kwa tano, na sitaki mtu aniambie walichelewesha, ule mkato niliuona kwa macho yangu. Ofisi nawapa mbili. Mlijua rubani kaacha kazi wiki nzima kabla, hela yangu mmepokea, mbona hamkusema? Ningehamisha siku mapema.

Kama unakodi msimu huu wa Julai mpaka Oktoba, kabla hujalipa waulize rubani wa siku yako ni nani na akipata dharura nani anashika nafasi. Halafu uliza ndege imebakiza masaa mangapi ya kuruka mpaka inspeksheni, yaani ule ukaguzi wa lazima wa mafundi, maana Dar mpaka Kigoma tu ni zaidi ya masaa matatu, ukijumlisha Mahale na kurudi ni kama nane, ikiwa imebakiza sita huwezi kurudi na hiyo ndege. Hili swali niliwauliza siku ya ndege kuja kutufuata, dada akakaa kimya kidogo akasema "kaka ngoja niulize ufundi."

Wageni walipoteza usiku mbili za kambi ambazo zilishalipiwa. Ofisi walikubali kwenye simu watarudisha ya usiku mmoja, ule wa rubani, wa tairi wanasema ni bahati mbaya na mimi sikubishana. Leo siku ya 19, kila nikituma meseji naona tiki mbili za bluu tu.