Kamera ya usingizi kwenye lori la semi: inafaa, ila kengele pekee haitoshi

Dereva anayeshuka mlima Kitonga na mzigo hasinzii. Korongo analiona, gia ndogo ameiweka mapema. Usingizi humvamia kwenye lami iliyonyooka kati ya Morogoro na Chalinze, alfajiri, mahali asipoona cha kuogopa. Kamera ya kabini yenye kengele ya usingizi inafaa hasa hapo, na kwa kazi hiyo tunaipendekeza.

Humulika uso kwa mwanga wa infraredi, hivyo giza si kikwazo. Hufuatilia kope na mkao wa kichwa. Macho yakifumba kwa sekunde mbili hivi, inalia. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili ni mita 44, zaidi ya urefu wa semi mbili zilizofuatana.

Wengi huikosea kwenye ufungaji. Ikae juu ya dashibodi, sentimita 70 hivi kutoka usoni, usukani usiikinge. Ikiwekwa juu sana, dereva anayetazama geji huhesabiwa amefumba macho. Miwani myeusi nayo huichanganya. Kengele za uongo zikizidi, haichukui muda lenzi inazibwa kwa soletepu. Lori ni volti 24, kwa hiyo nunua inayokubali volti 9 hadi 36. Fundi asikubali kuchota volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili: hiyo itakuwa na chaji pungufu kila siku, mwenzake itachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa mapema.

Kasoro kubwa haimo kwenye kifaa. Dereva anayeamini kwamba uzoefu wake unaushinda usingizi huigeuza kengele kuwa utingo wa kumwamsha, akaendelea kukanyaga mafuta badala ya kuegesha. Kuongeza sauti hakumbadilishi. Mwonyesheni faraghani picha zake mwenyewe zilizonaswa na kamera, kwa sababu aliyesinzia sekunde mbili mara nyingi hajui kama alisinzia. Zikitumika kumkata mshahara, ataiogopa kamera kuliko usingizi, na soletepu itarudi.

Kanuni iwekwe kabla ya safari ya kwanza: kengele ya pili ndani ya saa moja, dereva aegeshe mahali salama alale angalau dakika 20, na tajiri mwenye lori asipige simu kuuliza kwa nini gari limesimama. Tajiri asiyeweza kukubali hilo asinunue kamera. Kwanza apange upya saa za kufikisha mzigo Tunduma.