Picha ya Wazazi Wangu kwenye Kanvasi, Ubao na Kikombe: Uzoefu Wangu Kisumu

Picha ya wazazi wangu, waliyopigwa mbele ya miamba ya Kit Mikayi, niliipeleka kwa mchapishaji mmoja mjini Kisumu ili aichape kwenye kanvasi, kwenye ubao na kwenye kikombe. Kwa anayetaka picha kubwa ya sebuleni, ninapendekeza kanvasi bila kusita.

Fundi aliikataa nakala niliyomtumia kwa WhatsApp, akataka faili halisi kutoka kwenye kamera. Alikuwa na haki, kwani picha yenye pikseli 1600 (vidoa vidogo vya rangi vinavyoiunda) kwa upande wake mrefu ikitandazwa kwenye sentimita 84 hubaki na pikseli zisizofika 50 kwa kila inchi, ilhali kanvasi huhitaji takriban 150 ili nyuso zisionekane kama zimefunikwa na ukungu. Ufumaji wa kitambaa huficha upungufu mdogo, lakini hauwezi kurudisha mikunjo ya macho ya mama iliyokwisha kupotea.

Ukazaji ulinivutia zaidi. Kitambaa kimevutwa juu ya fremu ya mbao na kupigwa pini kwa nyuma, pembe zimekunjwa bapa, na ndani ya kila pembe mna kabari ndogo ambazo nikizigonga taratibu kanvasi hukaza tena, jambo la maana sana katika mji wenye unyevu wa ziwa kama huu wetu. Lalamiko langu ni kwamba ukingo uliokunjwa ulimeza kiwiko cha baba, na hakuna aliyenionyesha mpangilio kwenye skrini kabla ya kuchapa. Kwa kazi kama hiyo, mteja anastahili kuonyeshwa.

Ubao ulinipa funzo jingine. Mashine iliyouchapa haina wino mweupe, hivyo kila palipokuwa na weupe panaonekana mbao yenyewe: kitambaa cheupe cha mama kimekuwa cha manjano ya msonobari, na mshipa wa mbao unapita shavuni mwake. Miamba, kwa upande wake, imependeza kuliko hata kwenye kanvasi, kwa hiyo ubao ningeuachia mandhari. Kikombe ni kizuri, ila picha ni ndogo mno kwa watu wawili.

Dada yangu wa Kakamega naye anataka kanvasi. Nimemwagizia kwa fundi yule yule, kwa sharti kwamba nione mpangilio kwanza.